Je, Ng'ombe wa Shule Ana Haki Juu ya Mwanafunzi?

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi za Tanzania zikaanzisha mashamba na mabanda ya mifugo. Mimi nilisoma miaka ya tisini katika shule moja ya bweni iliyo mbali na mji, nikapangiwa zamu ya kuteka maji ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anayekamwa huhitaji ndoo tatu na zaidi kwa siku, zile za lita 20, na mto ulikuwa bondeni.

Tulipouliza sababu ya kazi hiyo tuliambiwa: ili mjifunze uaminifu. Jibu hilo si baya. Hata Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba mtu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Ila amtesaye mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu kwa wanadamu wenziwe. Yaani mnyama ni kama ubao wa darasani, na somo ni la mwanafunzi.

Basi lipime jibu hilo kwa kisa hiki. Siku ya kufunga shule nilitaka kuwahi basi la alfajiri. Nikatia sahihi katika daftari la zamu kwamba maji yamekwisha kuwekwa, nikaenda zangu. Mlinzi akasoma daftari, akaridhika. Muhula ule nilipata alama zote za kujitegemea, na ndani ya basi nilimpisha mzee mmoja kiti changu. Moyo wangu kwa wanadamu haukuwa mgumu hata kidogo! Kosa langu li wapi? Niliporudi, mlinzi alinieleza kwamba kesho yake jioni alimkuta ng'ombe akilamba hori kavu.

Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, wala asimwachie ajitafutie. Hakusema kwamba mwanamke yule aliwadhulumu majirani baadaye. Paka ndiye aliyedhulumiwa, na hilo lilitosha. Kurani Tukufu nayo, katika Sura Al-An'am, inawahesabu wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu sisi.

Mwulizaji mmoja aliniambia: "Sheikh, mbona mnawachinja? Anayeliwa ana haki gani?" Swali lake ni la haki. Lakini atazame jinsi tunavyochinja: kisu kinolewe, mnyama asiteswe, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Kwa nini litajwe, kama uhai ule ni mali yetu? Aombaye ruhusa amekwisha kukiri kwamba kitu si chake.

Wengine watasema huruma yatosha. La hasha. Katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, Seyidna Ahmad a.s. alifafanua kwamba hali ya maumbile haiwi tabia njema mpaka itumiwe kwa akili na mahali pake. Sisi sote tulimpenda ndama wa shule, tukamkuna shingo na kumpa majina. Siku ya mvua, njia ya mtoni ilipoteleza, waliobeba ndoo walikuwa wachache, na baadhi yao hawakumpenda ndama yule hata kidogo.

Nilipokwenda ng'ambo kusomea dini, nilifundishwa kwamba haki ya kiumbe haisameheki kwa toba peke yake, bali aliyedhulumiwa naye aridhishwe. Tena kwamba Siku ya Kiyama hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe. Usiku ule niliikumbuka sahihi yangu katika daftari la zamu. Niliporudi nyumbani nilikwenda shuleni kuuliza. Ng'ombe yule alikuwa amekwisha kuuzwa.