Siri ya Mteja, Amana ya Mpiga Kura

Desemba 2019, zikiwa zimebaki wiki chache wanachama wa chama cha Democratic katika jimbo la Iowa, Marekani, waanze kura za mchujo, Pete Buttigieg alikuwa meya wa mji wa South Bend, Indiana, na mmoja wa wagombea urais waliokuwa wakipanda kwa kasi. Swali lililomkwamisha lilikuwa jepesi: kati ya 2007 na 2010 ulikuwa ukimfanyia nani kazi? Kwamba aliajiriwa na McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri elekezi, kila mtu alijua. Lakini mshauri elekezi mshahara hulipwa na kampuni yake, na kazi huifanya kwa mteja, na majina ya wateja yalikuwa yamefungwa na mkataba wa kutunza siri aliotia saini akiwa kijana. Seneta Elizabeth Warren, mpinzani wake, alimbana ayataje. Naye Warren akabanwa aseme alivuna kiasi gani kwenye kazi zake za sheria, akatoa hesabu ya karibu dola milioni 2 za miongo mitatu. Tarehe 9 Desemba McKinsey ilimruhusu Buttigieg kusema, na kesho yake orodha ikatoka: bima ya afya ya Blue Cross Blue Shield ya Michigan, maduka ya vyakula ya Loblaw ya Kanada, maduka ya vifaa vya umeme ya Best Buy, shirika moja la kutetea mazingira, Shirika la Posta, Wizara ya Ulinzi na wengine wachache.

Waliomtetea kabla ya siku hiyo walikuwa na hoja nzito kuliko watu walivyokubali. Ahadi ni deni, na mtu anayevunja ahadi ya zamani kwa sababu leo inamzuia kupata cheo ametuonyesha atakavyozitendea ahadi atakazotupa sisi. Hilo nalikubali lote. Ila deni lina mwenyewe, na mdaiwa ana njia ya tatu kati ya kulilipa na kulikana: kwenda kwa aliyemkopesha na kuomba asamehewe. Buttigieg hakulazimika kuchagua kati ya uaminifu kwa McKinsey na uwazi kwa wananchi. Alipaswa kuomba ruhusa, akaomba, akapewa. Kasoro ni kwamba ruhusa ilikuja baada ya kelele, ilhali mahali pake ni kabla ya kuchukua fomu. Hakuna anayelazimishwa kugombea. Anayeomba kukabidhiwa nchi ndiye anayewaendea watu, na ndiye mwenye wajibu wa kufika akiwa amefunguliwa ulimi.

Wanazuoni waliwahi kuipima mizani hii kwa makini kutuzidi. Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulumuddin, analaani kusengenya kwa ukali unaojulikana, kisha anaorodhesha hali chache ambamo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa. Mojawapo ni pale unapotakwa shauri kuhusu mtu anayetaka kuoa, au anayetaka kuwekewa amana: hapo una ruhusa ya kusema unachokijua, kwa nia ya kumkinga anayeuliza. Siri haijapoteza thamani yake; kilichobadilika ni kwamba kuna mtu wa tatu anayekaribia kukabidhi kitu chake, na ukimya wako unaweza kumwangamiza. Iwapo mali ya mtu mmoja inatosha kulegeza fundo hilo, sioni kwa nini hazina ya taifa zima isitoshe. Tena mgombea anadaiwa kidogo kuliko huyo anayetakwa shauri. Hatakiwi kumfichua mwenzake. Anatakiwa kujieleza yeye mwenyewe.

Kuna jambo la usawa pia, ambalo mjadala wa Iowa uliligusa kwa mbali. Mwalimu anayegombea, wilaya nzima inajua amefundisha shule gani. Askari ana kikosi, mkulima ana shamba, daktari ana hospitali. Historia zao za kazi zimeanikwa tayari, na mpinzani anaweza kwenda kuuliza majirani. Hata wakili, ambaye siri ndiyo nguzo ya kazi yake, kwa kawaida jina la mteja wake limo kwenye jalada la mahakama. Kinacholindwa ni walichoambiana. Mshauri elekezi peke yake anafika jukwaani na miaka yenye lebo ya mwajiri juu na utupu ndani. Kumtaka ataje wateja ni kumfikisha pale walipo wenzake. Na ninaposema ataje, nasema majina, mwaka, na aina ya kazi kwa sentensi mbili. Mipango ya bei na hesabu za ndani za mteja zibaki zilipo.

Sheria za nchi nyingi zimeikaribia hoja hii bila kuifikia. Marekani, chini ya sheria ya maadili ya 1978, mgombea urais hutaja waliomlipa zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, lakini kwa miaka miwili tu iliyotangulia. Ufaransa, baada ya waziri wa bajeti Jérôme Cahuzac kubainika ana akaunti ya siri nje ya nchi, ilitunga sheria ya 2013 inayowataka wabunge kutaja kazi za ushauri za miaka mitano. Buttigieg aliondoka McKinsey miaka tisa kabla ya kampeni hiyo, kwa hiyo hata wavu wa Wafaransa usingemnasa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la watu kuhukumiwa kwa jina la waliopita karibu nao. Loblaw ilikiri mwaka 2017 kwamba ilishiriki njama ya kupanga bei ya mkate iliyoanza 2001 na kudumu hadi 2015. Buttigieg aliifanyia uchambuzi wa bei katikati ya kipindi hicho. Blue Cross ya Michigan ilitangaza kupunguza wafanyakazi mwaka 2009, naye alikuwa amepita huko mwanzoni mwa ajira yake. Wapinzani waliunganisha nukta hizo mara moja, ingawa alikana kuhusika na lolote kati ya hayo na hakuna ushahidi uliomkanusha. Dhuluma ya aina hii ipo, na mgombea mwenye wateja wengi ataionja zaidi. Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2021 McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 573 kwa majimbo ya Marekani kwa sababu ya ushauri wake kwa watengenezaji wa dawa za maumivu zenye uraibu, Purdue Pharma wakiwemo; Afrika Kusini nako ilikuwa imeahidi kurudisha takriban randi bilioni moja za shirika la umeme, Eskom. Wakati makubaliano ya 2021 yanatangazwa, Buttigieg alikuwa ameshakuwa Waziri wa Uchukuzi, na hakuna aliyehitaji kukisia kama alikuwa na mkono wake humo: orodha ilikuwa hadharani, na Purdue haimo. Orodha ile ile iliyompa taabu ya mkate ndiyo iliyomvua tuhuma kubwa zaidi.

Wengine husema orodha yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, basi zogo la nini? Ukawaida wake tuliujua baada ya kuisoma. Wapo pia wanaohofia kwamba wenye ujuzi watakimbia siasa. Baadhi watakimbia, na kwa wale ambao wateja wao hawatajiki mchana, sitasikitika.

Tanzania ilijaribu njia kali zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, ukurugenzi wa kampuni binafsi, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza, na sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995 ikaweka tamko la mali na madeni mahali pa katazo. Tamko hilo hutolewa ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, yaani kura zikiwa zimeshahesabiwa, na linauliza ulicho nacho. Fadhila haiandikwi kwenye safu ya mali. Mtu anaweza kuingia ofisini bila hisa hata moja katika kampuni ya madini huku akiwa ndiye aliyeiandalia mkakati wa kujadiliana na serikali.

Linabaki swali la mteja anayekataa kutoa ruhusa. Hapo nisingemfungia mgombea mlango, maana mteja mwenye hila angepata turufu ya kumzuia amtakaye. Aandike tu kwenye fomu: mteja mmoja, sekta ya mafuta, mwaka 2016, aliombwa na amekataa. Mpiga kura ataamua ukimya huo una uzito gani.