Kupevuka na Kuiva

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo mtunza bustani hawezi kuyachanganya bila hasara: kupevuka na kuiva. Tunda pevu ni lile lililotimiza kukua. Tunda bivu ni lile lililo tayari kuliwa. Mkungu wa ndizi hukatwa ungali mbichi, maadam umepevuka, kisha ukavundikwa, wala hapana amwambiaye mkulima kwamba amefanya pupa. Kwa nyanya, hata hivyo, watu wengi wana shauri moja tu: ngoja mpaka iwe nyekundu. Nauliza kama shauri hilo ni la subira, au ni uvivu wa kutazama uliopewa jina la subira.

Rangi ni shahidi, lakini shahidi wa kuhojiwa. Nyanya ikianza kugeuka, wekundu huanzia kitakoni, mbali na kikonyo. Wakati huo tunda limekwisha anza kutoa hewa iitwayo etilini, na kuiva kwake kutaendelea hata likichumwa na kuwekwa kivulini. Jua juu ya ganda halihitajiki. Wapunguzao majani ili nyanya zipate mwanga huziunguza bure. Tena joto likizidi nyuzi 30 hivi za sentigredi, wekundu hushindwa kujengeka vizuri, na umanjano huendelea. Pwani, katika miezi ya kaskazi, nyanya yaweza kulainika ingali na rangi ya chungwa. Angojaye wekundu hapo huwangojea ndege na uozo. Zipo pia aina ambazo huiva zikiwa za manjano, hata za kijani. Kwa hizo kidole huamua kuliko jicho: tunda bivu hubonyea kidogo, nalo huachia kikonyo pasipo kuvutwa kwa nguvu.

Kwa nyanya ambayo haijageuka kabisa liko jaribio la kisu. Ikiwa imepevuka, mbegu zimezungukwa na ute, nazo huteleza mbele ya makali bila kukatika. Ikiwa changa, kisu hupita katikati ya mbegu. Lakini nyanya iliyopasuliwa haina tena kesho ya kuiva. Hakika kamili ya upevu hupatikana kwa kuangamiza kile kilichopimwa. Mchumaji hupasua moja, akazihukumu nyingine zilizolingana nayo kwa umri na umbo. Hukumu yake ni dhana, naye hana budi kuitenda.

Wanadamu nao wamehukumiwa hivyo. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika ulikisia kwamba nchi yaweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25, na Serikali ya Uingereza ikakataa kuwekewa muda. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Sioni kwamba kosa lilikuwa katika hesabu tu. Neno "tayari" halisimami peke yake. Lazima liulizwe: tayari kwa nini, na kwa nani? Nyanya ya mchuuzi, itakayosafiri kwa lori kutoka Ilula hadi Dar es Salaam, ni tayari ikiwa ngumu. Ya mpishi wa mchuzi ni tayari ikiwa laini. Kwa mmea wenyewe ni tayari mbegu zikiweza kuota, jambo ambalo hutangulia wekundu. Mla tunda ana ruhusa ya kulipima kwa haja yake, kwa kuwa tunda halina neno la kusema. Mtu analo. Mwanafunzi aambiwaye "hujaiva" anastahili kuuliza ni haja ya nani iliyofanywa kipimo. Na mwalimu asiyeweza kujibu, kwa maoni yangu, ametazama ganda tu.

Mwenye bustani ya nyumbani ana nafasi asiyo nayo mchuuzi. Aweza kuchuma chache zinapogeuka, akaacha nyingine za shada lile lile juu ya mmea, kisha akazionja pamoja. Wako waapao kwamba zilizongojewa ni tamu zaidi. Wengine hawaoni tofauti. Mvua kubwa ikinukia, lakini, wote huchukua vikapu, maana nyanya iliyokaribia kuiva ikinywa maji ghafula hupasuka.