Kujidharau Si Unyenyekevu

Kuna maradhi yaliyoenea katika miji yetu ya pwani, nasi twayahesabu kuwa ni tabia njema. Kijana huanguka mtihani wa hesabu akasema, "Mimi ni mjinga, sikuumbiwa elimu." Mtu mzima asiyejua kusoma Qur'ani hualikwa darasani akajibu, "Kichwa changu kizito, niacheni." Na barazani husemwa, "Sisi watu wa pwani ni wavivu, hatutaendelea." Wasikilizaji huitikia, na msemaji akasifiwa kuwa hana makuu.

Sisi twaona kuwa huo si unyenyekevu. Mnyenyekevu huijua neema aliyopewa, akaijua na ya wenzake, asijione bora kuliko wao. Ajidharauye huikana neema yenyewe. Tena neno lake lina faida ya siri: aliyekwisha kusema "siwezi" hadaiwi tena kitu. Hakuna wa kumwuliza mbona hakusoma, wala mbona hakujaribu. Hivyo udhuru huvikwa kanzu ya uchaji Mungu.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-Israi, aya ya 70, kuwa amewatukuza wanadamu. Basi ajitiaye unyonge ambao Mola wake hakumtia, hukumu hiyo ameitoa wapi? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa kumtukana Mwislamu ni ufasiki. Twajihadhari tusimtukane jirani, kisha usiku kitandani twajitukana wenyewe. Ni nani aliyeturuhusu kumvunjia heshima Mwislamu huyu, ati kwa kuwa yeye ni sisi?

Katika hadithi ya Bi Aisha, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume alikataza mtu asiseme kuwa nafsi yake imekuwa habithi, akaelekeza litumike neno jengine lililo jepesi, la kueleza kuwa nafsi haikutulia. Tazameni hekima yake. Hakumtaka mtu aifiche dhiki yake. Alimtaka aieleze pasipo kujipachika jina baya.

Huenda mtu akauliza: Je, hatukuamrishwa kuihasibu nafsi? Naam, tumeamrishwa. Lakini kuhasibu ni kukitazama kitendo, na mwisho wake ni toba na kutengeneza. Kujitukana ni kumhukumu mtu mzima mzima, na mwisho wake ni kukata tamaa. Asemaye "leo nimeiacha sala ya jamaa" ana njia ya kesho. Asemaye "mimi ni mtu wa motoni" amejifungia mlango ambao Mola wake hakuufunga.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alitoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwaamsha Waislamu wa pwani wautazame upungufu wao na wakatafute elimu. Maneno yake yaliuma, lakini hayakuwa matusi. Kwani hakuna amwamshaye mtu ila humtumai kuwa aweza kuamka. Hivyo ndivyo yatupasa kusema na nafsi zetu.

Basi dawa ni nini? Kwanza, tulitaje tendo, tusijipe jina. Kijana na aseme, "Nimeanguka hesabu, mlango wa sehemu sikuufahamu," kisha amtafute wa kumfahamisha. Pili, tushike amali ndogo ya kudumu, kwani Mtume ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa chache. Mtu mzima na ajifunze herufi moja kwa siku. Zikitimia herufi zote, ule uwongo wa kichwa kizito utakuwa umejibiwa kwa kitendo.

Tatu, na hili ni kubwa zaidi, wazazi na walimu tuzichunge ndimi zetu. Wengi wa wanaojidharau hatuwalaumu. Maneno hayo hawakuyabuni wao. Mtoto aambiwaye "hufai" kila siku nyumbani na chuoni, atakapokuwa mkubwa hatahitaji wa kumwambia. Atajiambia mwenyewe, na kwa sauti yetu. Siku tutakapoulizwa juu ya amana tulizopewa, tutajibu nini kwa moyo wa mtoto tuliouvunja?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na kiburi, atuepushe na unyonge, na atuwafikishe kuzijua neema zake na kuzitumia. Amin.