Kutunza si Kurundika

Mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo niliwakariria wanachuo kwa miaka mingi, kisha mimi mwenyewe nikaukiuka.

Chuoni tulikuwa na stoo ya kompyuta kuukuu, zaidi ya arobaini, nyingi za msaada. Iliyokufa hatukuitupa, maana mali ya umma haitupwi. Tuliibeba stoo tukaipandisha juu ya wenzake. Joto, vumbi na panya vikafanya kazi yao. Betri ndogo zilizomo ndani zikavuja na kula njia za shaba. Disketi zikaota ukungu. Nilipostaafu nilikabidhi funguo za stoo iliyojaa, nikajiona mtunzaji mwema.

Baadaye kijana aliyepokea kazi alinifuata nyumbani hapa Kalangalala. Alitafuta alama za wanachuo wa zamani. Zimo katika mashine ipi? Sikujua, wala hapakuwa na karatasi iliyosema. Akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, sasa pale tulitunza nini?" Swali hilo halijaniacha.

Mtu aweza kusema kosa letu ni umaskini. Sivyo. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alikusanya kompyuta za kale mjini Seattle, akaajiri mafundi wa kuziwasha, na mwaka 2012 akawafungulia watu milango. Alifariki 2018, jumba likafungwa 2020, na mwaka 2024 baadhi ya mashine zikapigwa mnada. Fedha nazo hufa na mwenyewe. Lakini zile zilizouzwa zilikwenda na majina, miaka na habari zake. Zetu hazina hata hayo.

Je, tuwape wanunuzi wa vyuma chakavu? Wao hutafuta shaba, na dhahabu kidogo iliyomo kwenye sakiti. Sisi wa Geita hatuwezi kuwacheka: mchanga uliokwisha kuoshwa tunauita marudio, na tunauchenjua tena. Ila mchenjuaji hujua anachokitafuta. Mimi nilirundika bila kujua.

Naona sasa kwamba wajibu wetu si kuweka kila kitu. Ni kuchagua vichache, kuvitoa betri, kuviweka pakavu, na kuandika kila kimoja kilifanya nini, kwa ajili ya nani, wakati ajuaye bado yu hai. Vingine viende kwa haki, bila aibu.

Mwezi uliopita niliomba ruhusa, nikarudi stoo na leja mpya. Katika mashine zile zote, nimeweza kukumbuka habari za saba tu.