Ufunguo wa Maktaba

Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tumesimama kivulini hapa Rahaleo, wazazi wawili walishindana mbele yetu. Mmoja alisema kwamba kompyuta za intaneti zilizo katika maktaba za umma hazina budi kufungwa zisitoe mambo machafu. Mwenzake akajibu kwamba maktaba ikianza kufunga haitajua mahali pa kuishia. Waliachana bila kupatana, na neno lao limekaa nasi hata leo.

Tukiri kwanza kwamba kuchagua si jambo geni katika maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975, ndiyo yenye maktaba za mikoa, yetu ya Mtwara ikiwamo; nayo hainunui kila kitabu kipigwacho chapa duniani. Mkutubi huchagua, na hatujasikia mtu akilia kwamba ameonewa. Lakini kitabu kisichonunuliwa hakipo tu rafuni. Intaneti huja yote kwa mara moja, nayo programu ya kuchuja husimama mlangoni na kufukuza. Hutazama orodha ya kurasa zilizokatazwa, au hutazama maneno. Nyingi ya programu hizo zimetengenezwa na watu wa mbali wasiojua Kiswahili. Basi yaweza kutokea kwamba mama anayetafuta habari za saratani ya matiti afungiwe kwa ajili ya neno moja, na matusi ya vijiweni, ambayo programu haiyajui, yapite salama.

Marekani walilitazama jambo hili zamani kidogo. Sheria yao ya mwaka 2000 iliziagiza maktaba zipokeazo fedha fulani za serikali ziweke programu hizo, na mwaka 2003 Mahakama yao Kuu ikaikubali. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba mtu mzima aliyefungiwa ukurasa aweza kumwomba mkutubi amfungulie. Yasikika vizuri. Lakini huku kwetu, mkutubi ni nani? Labda ni jirani wa shangazi yako, au mwimba kwaya mwenzako. Msichana aliyekosa siku zake atamwendea na kusema nini? Na kijana mwenye usaha asiotaka kumwonyesha mtu? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; lakini huyu hakuficha, alitoka nyumbani kwake kwenda kutafuta, akakuta mlango umefungwa, na ufunguo uko mkononi mwa mtu anayemjua baba yake.

Hapa ndipo twaona uzito wa swali. Anayehitaji sana kufunguliwa ndiye asiyeweza kuomba.

Si hivyo tu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo mwaka 2020 zilitungwa upya, ziliwataka wenye vibanda vya intaneti wachuje yaliyokatazwa, waandike kila mtumiaji kwa kitambulisho chake, na waweke kamera. Hizo zilikuwa za vibanda, si za maktaba. Hata hivyo zatufundisha kitu: kamera haifungi ukurasa wowote, lakini mwenye aibu akiiona juu ya kichwa chake atainuka na kwenda zake.

Sisi wa pwani hii na bara yake tulikuwa na maktaba ya mwili kabla ya kitabu, nayo ni jando na unyago. Humo watoto waliambiwa mambo yasiyosemwa barazani. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku kama wengine walivyotaka. Aliyaondoa aliyoyaona hayawapasi Wakristo, akatia sala, akaacha mafundisho yaendelee. Wengine walimlaumu kwamba ameacha mengi mno, wengine kwamba ameondoa mengi mno (mtu achujaye hapendezi pande zote). Lakini jambo moja halikuondoka: palikuwa na kungwi na nyakanga. Waliyakataza mengine kwa wakati wake, na wakayasema mengine waziwazi, kwa mtoto ambaye hakulazimika kuuliza.

Kwa hiyo hatusemi kompyuta ya watoto iachwe wazi. Picha chafu na zifungwe kwao, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Ila kurasa za afya zisiguswe, hata zikiwa na maneno yatutiayo haya. Meza ya watu wazima iwe pembeni, kioo chake kisielekee mlangoni, na mtu mzima asilazimike kuomba. Na programu ikifunga, iandike wazi kwamba imefunga, ili mtu asidhani kwamba habari hiyo haipo duniani. Habari za simu walizo nazo watoto mfukoni hatuzigusi leo, ingawa wazazi wengi waogopao kompyuta ya maktaba ndio waliozinunua.

Tulimrudia yule mzazi wa kwanza, tukamwuliza binti yake akitaka kujua habari za mwili wake atamwuliza nani. Akasema, mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amesimama karibu nasi, akatazama chini.