Mkono wa Nani?

Mtoto wa darasa la kwanza humchora ng'ombe, miguu minne imepangwa mstari mmoja kama vigingi, naye hufurahi. Akifika darasa la tano au la sita furaha hiyo humwondoka. Jicho limeutangulia mkono. Anaona kwamba ng'ombe wake si ng'ombe, anafuta na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Ndipo mwalimu huichukua penseli: "Lete nikusaidie."

Nami nimefanya hivyo mara nyingi, hasa siku ya wazazi inapokaribia. Je, huo ni msaada? Picha hubandikwa ukutani na jina la mtoto chini yake, mama husifu, na mtoto mwenyewe hutazama pembeni. Anajua zile pembe ni za nani.

Wako wasemao basi tumwache tu. Franz Cizek alifungua darasa la watoto huko Vienna mwaka 1897, akawataka wachore yaliyo moyoni mwao badala ya kunakili kazi za wakubwa. Vema, lakini mtoto wa miaka 11 akiomba kuonyeshwa, si haki kumnyima. Msusi wa ukili humwonyesha mwanafunzi, kisha huufumua wote ili aanze mwenyewe.

Basi mwalimu na achore ng'ombe wake katika karatasi yake, mtoto akitazama; au watoke nje pamoja, waangalie goti linakunjika wapi. Karatasi ya mtoto asiiguse.

Ukuta hautapendeza kama mwaka jana, na mwalimu mkuu atauliza.