Aliyeumia kwa Niaba ya Wote: Wajibu wa Halmashauri kwa Waathirika wa Ugaidi

Ugaidi, kwa maana inayokubaliwa na wanasheria wengi ingawa mataifa hayajaafikiana juu ya tafsiri moja, ni ukatili unaotendwa dhidi ya watu wasio wapiganaji kwa shabaha ya kuutisha umma mzima au kuishurutisha serikali itende jambo fulani au iache kulitenda. Ndani ya maana hiyo mna watu wawili wanaopaswa kutenganishwa: anayepigwa na anayekusudiwa. Jambazi anayemvamia mwenye duka huzitaka fedha za duka lile, na mlipiza kisasi humfuata mtu anayemjua kwa jina. Gaidi hana haja na jina la anayemuua, kwa kuwa tendo lake linaielekea dola na wote watakaosikia habari zake. Methali ya fahali wawili wapiganao na nyasi zinazoumia haitoshi kulieleza jambo hili, maana nyasi za methali huumia kwa kukosa bahati, ilhali hapa nyasi ndizo zinazolengwa ili fahali aone. Kutokana na tofauti hiyo linazuka swali linalozihusu serikali za mitaa zote, hata zile zilizo mbali na mahali mashambulizi yalipotokea, kama Halmashauri ya Wilaya ya Kyela katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa: ikiwa mtu ameumizwa kwa sababu tu alikuwa mmoja wa umma, umma una deni gani kwake, na ni nani atakayelilipa?

Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yaliyopakiwa katika magari yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani jijini Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11 na kujeruhiwa zaidi ya 80, na miongoni mwa waliokufa hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Nairobi walikufa zaidi ya 200, Wamarekani wakiwa 12, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Wengi wa majeruhi wa Nairobi walipoteza macho kwa namna inayostahili kuelezwa: kabla ya bomu lenyewe ulisikika mlipuko mdogo, watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani wakayaendea madirisha wachungulie kuna nini, na bomu lilipolipuka vioo vikawapasukia usoni. Karani wa ofisi isiyohusiana na ubalozi hakuwa na ugomvi na mtu. Alipofuka kwa sababu ya sera za nchi ambayo si yake, katika mji ambao serikali yake ndiyo iliyokuwa na jukumu la kumlinda.

Aristotle alitenganisha haki za namna mbili, yaani haki ya mgawanyo, inayogawa heshima na mali ya umma kwa kadiri ya stahili ya kila mmoja, na haki ya urekebishaji, inayomtaka aliyedhulumu amrudishie aliyedhulumiwa kile alichomnyang'anya. Kwa waathirika wa ugaidi haki hii ya pili hukwama mara nyingi, kwa kuwa mdhulumu amekufa, ametoroka au hana kitu. Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, wote wawili wenyeji wa Zanzibar, walihukumiwa kifungo cha maisha jijini New York kwa kuhusika na mashambulizi ya 1998, wa kwanza mwaka 2001 na wa pili mwaka 2011, lakini kifungo, hata kikiwa cha haki kabisa, hakimlipii mtoto wa marehemu ada ya shule. Sudan, iliyodaiwa kuwapa hifadhi wapangaji wa mashambulizi hayo, ilikubali kulipa dola milioni 335, nayo ikaondolewa Desemba 2020 katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Fedha hizo, hata hivyo, zilifuata uraia na ajira ya ubalozi, na wapita njia wa Kiafrika wakabaki nje. Kwa hiyo inahitajika haki ya namna ya tatu, inayoweza kuitwa haki ya kubebeana, ambayo kwayo mzigo uliokusudiwa wote ukimwangukia mmoja, waliobaki salama huugawana. Haki hii haipaswi kuchanganywa na hisani. Hisani hutoka kwa mtoaji apendapo na huisha huruma yake inapoisha, lakini deni halimwulizi mdaiwa kama leo moyo wake umeguswa.

Wazo la kubebeana si geni katika bonde la Kyela. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hilo, katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951 jinsi walivyojenga vijiji vya rika, yaani vijiji vya watu waliolingana umri, si vya watu wa ukoo mmoja. Umuhimu wa mpangilio huo kifalsafa ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Mahali ambapo watu hukaa kwa koo, wajibu wa kusaidiana hueleweka kuwa tawi la damu. Mahali ambapo hukaa kwa rika, wajibu unatokana na kuishi pamoja, na jirani hudaiwa kwa sababu ni jirani. Vijiji vile vya rika havipo tena kwa sura ile ya zamani, lakini msingi wake ndio huohuo ambao serikali ya mtaa popote duniani husimama juu yake, kwani kijiji cha leo, chenye mwenyekiti na mtendaji wake, hakimwulizi mkazi ukoo wake kabla ya kumwandika katika daftari. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania nayo inatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Katiba ingeweza kuitaja dola peke yake. Imeitaja jamii, na jamii ina anwani, nayo ni kitongoji, kijiji na kata.

Itasemwa kwamba jamii ya Kyela hailali msiba unapotokea, na ni kweli. Maiti ikifika kutoka Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900 inayomalizikia katika mteremko wa Tukuyu, majirani wa Ipinda au Matema huwa wamekwisha kuchanga mchele, kuni na fedha, na vikundi vya kufa na kuzikana hutoa kilichoandikwa katika kanuni zao. Lakini vikundi hivyo viliundwa kwa ajili ya kifo, ambacho kina siku zake za matanga, wala havikuundwa kwa ajili ya upofu wa miaka 25 au mtoto anayeshtuka kila mlango unapobamizwa. Mjane naye, matanga yakishaanuliwa, huanza safari ambayo majirani hawawezi kumsafiria: muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo ambacho usajili wake unahusu mahali kifo kilipotokea, shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kisha mfuko wa hifadhi ya jamii ikiwa marehemu alikuwa mwanachama. Kila karatasi ina nauli yake. Umma uliomwachia mwanamke huyu msiba wake umemwachia pia kazi ya kuuthibitisha, dirisha kwa dirisha, na hili ni dhuluma ya pili ambayo haikutendwa na gaidi.

Hapo ndipo wajibu wa halmashauri unapojipambanua na ule wa Serikali Kuu. Fidia ya fedha, kwa haki, inapaswa kutoka Hazina, kwa kuwa dola ndiyo iliyolengwa. Kenya ilikwenda upande huo ilipouingiza mfuko wa fidia kwa waathirika katika Sheria yake ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Lakini kutambuliwa, yaani kujulikana rasmi kuwa mtu ameumia kwa niaba ya wengine na kufuatiliwa mwaka hadi mwaka, hakuwezi kufanywa na ofisi iliyoko Dodoma. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anaweza kulishika faili moja kuanzia cheti cha kifo hadi mirathi; mtendaji wa kata anaweza kuandika barua moja inayoheshimiwa na hospitali, shule na mahakama; na kamati za maafa za wilaya, kata na kijiji, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka, zinaweza kuwa na daftari la waathirika kama zinavyoorodhesha kaya zilizokumbwa na mafuriko. Ni kweli kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mtu anaweza kudhani kwamba aliyepofuka ameshapata fungu lake humo. Fungu hilo ni mkopo, na kumkopesha anayedai ni kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Serikali za mitaa zina sababu nyingine, iliyo chungu, ya kulichukua jambo hili kuwa lao. Katika mauaji ya wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga mkoani Pwani, ambayo yalifikia kilele mwaka 2017, waliopigwa risasi walikuwa askari polisi, wakiwamo 8 waliouawa tarehe 13 Aprili, pamoja na wenyeviti na watendaji wa vijiji. Mwenyekiti wa kijiji ni mkulima anayeshika muhuri; hana mlinzi wala ukuta, na aliuawa kwa sababu ya muhuri ule. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa na washambuliaji waliotoka upande wa Msumbiji, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Halmashauri isiyojua familia za viongozi wake waliokufa wakiitumikia zinaishije haiwezi kumwomba mtu mwingine agombee nafasi ileile kwa dhamiri safi.

Pingamizi lenye uzito zaidi haliko kwenye fedha. Mkazi wa Kajunjumele ambaye nyumba yake imechukuliwa na maji ya masika, au ambaye mwanawe amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, anaweza kuuliza kwa nini maumivu ya mwenzake yapewe daftari na yake yasipewe. Jibu kwamba maumivu ya ugaidi ni makubwa zaidi lingekuwa la uongo, kwani mguu uliovunjika hauulizi umevunjwa na nani. Wote wawili wana madai juu ya jamii, ila madai yao yana misingi tofauti: wa mafuriko anadai kwa uhitaji wake, na wa ugaidi anadai kwa uhitaji wake na pia kwa deni, hivi kwamba hata akiwa tajiri bado anastahili kutambuliwa. Kwa sababu hiyo si busara kumfungulia foleni yake peke yake katika zahanati. Kinachotakiwa ni kwamba asilazimike kuomba.

Pingamizi jingine linahusu nani atakayeitwa mwathirika, kwa kuwa mamlaka zaweza kuyaita mauaji yaleyale uhalifu leo na ugaidi kesho. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 juu ya haki kwa waathirika wa uhalifu lilikwisha kuifungua njia kwa kusema kwamba mtu huhesabiwa mwathirika hata kama mtenda hajatambuliwa, hajakamatwa wala kuhukumiwa. Utambuzi unalifuata jeraha, hausubiri hukumu, na kwa mantiki hiyohiyo mtoto wa mtuhumiwa aliyebaki bila mlezi hawezi kufutwa katika daftari la kijiji kwa kosa la mzazi wake.

Linabaki suala la mpaka, ambalo Kyela haiwezi kulikwepa. Katika Mto Songwe, kwenye daraja la Kasumulu, watu wa Karonga na watu wa Kyela huvuka kila siku kwa biashara, ndoa na misiba, na wapo Wamalawi wanaoishi katika kata za Tanzania bila uraia wake. Fedha za Sudan zilifuata pasipoti, na matokeo yake yameonekana. Ibara ya 14 inasema kila mtu, haisemi kila raia, na mtendaji wa kijiji anayeandika jina la jirani aliyejeruhiwa hahitaji kuuliza alizaliwa ng'ambo ipi ya mto. Linalomhusu ni kwamba mtu huyo alikuwa anaishi kijijini pake siku aliyoumizwa.